Barack Obama Mkubwa: Karani wa Nairobi aliyesubiri barua kutoka Marekani

Kuanzia Februari hadi katikati ya Aprili kila mwaka, kuna vijana wa Nairobi wasiopata usingizi wa kutosha. Hawa ni wale waliotuma maombi ya kusomea shahada za uzamili na uzamifu katika vyuo vikuu vya Marekani, baadhi yao katika sayansi ya siasa, wengine katika uchumi au sheria. Insha wamekwisha kuziandika, wahadhiri wamekwisha kuombwa barua za mapendekezo, ada imelipwa, na sasa hawana la kufanya ila kungoja uamuzi wa kamati ya watu wasiowajua. Katika nyumba zilizozungukwa na miti kule Kitisuru, na vilevile katika vyumba vya kupanga vya Kangemi, mwendo mfupi kutoka hapo, simu ikilia usiku wa manane mtu hushtuka. Saa za Marekani ziko nyuma ya zetu, na habari iwe ya heri au ya shari aghalabu hutufikia tukiwa kitandani.

Subira ya namna hii si jambo geni katika jiji hili. Walioitangulia walingoja barua za karatasi zilizosafiri kwa ndege kwa majuma kadhaa, na hawakuwa na namna ya kuuliza zilikokwama. Miongoni mwao alikuwemo karani mmoja kijana, Barack Hussein Obama, ambaye ulimwengu ulikuja kumtambua baadaye kwa sababu ya mwanawe, Rais wa 44 wa Marekani. Sifa hiyo ya kuwa baba wa mtu imefunika maisha yake mwenyewe. Ukiyachunguza maisha hayo utaona kwamba yaliongozwa na barua: mojawapo ilimwinua kutoka dawati la karani, na nyingine, miaka mitano baadaye, ikamnyang'anya kile alichokuwa amekaribia kukishika.

Alizaliwa katikati ya miaka ya 1930 huko Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay, kando ya Ziwa Victoria, kisha familia ikahamia Nyang'oma Kogelo katika eneo la Alego. Baba yake, Hussein Onyango Obama, alikuwa mpishi katika nyumba za Wazungu na alifanya kazi Nairobi kwa miaka mingi. Enzi hizo mitaa ya magharibi ya Nairobi, Kitisuru ikiwemo, ilikuwa makao ya Wazungu na mashamba yao ya kahawa. Mwafrika aliingia humo akiwa mpishi, yaya au mtunza bustani, na mtumishi wa nyumbani alilazimika kuwa na kijitabu cha usajili ambamo kila mwajiri aliandika maoni yake kuhusu tabia na bidii yake. Mzee Onyango alikihifadhi kijitabu chake mpaka kifo. Tutakirudia mwishoni, kwani kilikuja kuonekana tena mahali ambapo hapana aliyekitarajia.

Onyango alikuwa mtu mkali, msafi kupita kiasi, na mwenye imani kubwa katika maarifa ya Wazungu ijapokuwa hakuwapenda sana. Mama mzazi wa Barack, Habiba Akumu, alishindwa kuvumilia ukali huo akaondoka, akamwacha mvulana akiwa bado mdogo. Aliyemlea ni mama wa kambo, Sarah Ogwel, ambaye Wakenya wengi walimfahamu kwa jina la Mama Sarah hadi alipofariki mwaka wa 2021. Mengi tunayoyajua kuhusu ujana wa Barack yametokana na masimulizi ya mama huyu.

Mtoto alikuwa na akili nyingi, na yeye mwenyewe alilijua jambo hilo mapema mno. Alipita katika shule ya Ng'iya, kisha mwaka wa 1950 akajiunga na Maseno, shule iliyokuwa kilele cha matumaini ya kila mvulana wa Nyanza. Darasani aling'ara, lakini sheria za bweni hazikumkaa kichwani. Mwaka wa 1953 ukaisha akiwa nje ya Maseno bila kumaliza masomo na bila cheti cha Cambridge.

Msomaji wa leo huenda asielewe uzito wa karatasi hiyo. Bila cheti cha Cambridge hapakuwa na njia ya kwenda Makerere, chuo ambacho kwa Mwafrika wa Kenya wakati huo ndicho kilichokuwa mlango wa elimu ya juu, na mlango wenyewe ulikuwa mwembamba. Wenzake wa Maseno wakaanza kupita, mmoja baada ya mwingine, wakielekea Kampala na hata Uingereza. Yeye alipelekwa na baba yake Mombasa kufanya kazi ya ukarani katika ofisi ya mfanyabiashara Mwarabu. Kazi hiyo haikudumu. Akaja Nairobi, akaajiriwa huku na kule kwa mshahara mdogo, akaoa binti wa Kendu Bay aitwaye Kezia Aoko, na mwaka wa 1958 wakapata mtoto wao wa kwanza.

Nairobi ya wakati huo ilikuwa inawapa vijana makarani mifano ya kuwatia wivu. Tom Mboya, aliyewazidi umri kwa miaka michache tu, alikuwa amerudi mwaka wa 1956 kutoka Chuo cha Ruskin kule Oxford, na mwaka uliofuata akachaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwaka huo huo wa 1956 Julius Gikonyo Kiano, mwana wa Murang'a, alipata shahada ya uzamifu katika sayansi ya siasa kutoka Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, akawa Mkenya wa kwanza kufikia kiwango hicho. Kiano alirudi kufundisha katika Royal Technical College, chuo ambacho baadaye kilizaa Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka wa 1958 naye akaingia Barazani. Kwa hiyo kijana aliyeketi nyuma ya mashine ya taipu aliweza kuona kwa macho yake kwamba elimu ya ng'ambo ilikuwa inageuka kuwa madaraka. Uhuru ulikuwa unakuja, na ungehitaji watu wenye vyeti.

Bahati yake ilikuja kupitia mwalimu Mmarekani, Elizabeth Mooney, aliyefika Kenya mwaka wa 1957 kuendesha mradi wa elimu ya watu wazima kwa mbinu za mmishenari Frank Laubach. Bi Mooney alimwajiri Obama kuwa karani na mpiga taipu. Ndani ya ofisi hiyo aliandika vijitabu vitatu vya Kijaluo vya kuwafunza watu wazima kusoma, vikieleza habari za mhusika mmoja, Otieno mwerevu, na mambo ya afya, kilimo na uraia. Ni kazi ambayo haitajwi sana, nami naona ni dhuluma, kwa kuwa si makarani wengi wa miaka ishirini na kitu walioachia lugha yao vitabu vitatu.

Bi Mooney, pamoja na rafiki yake Helen Roberts kutoka Palo Alto, California, walimshawishi aache kulilia Makerere na badala yake ajaribu Marekani. Ilimbidi kwanza azibe pengo la Maseno. Akajisajili kwa masomo ya posta, akawa anasoma usiku na hata saa ya chakula cha mchana, na hatimaye akafanya mtihani katika ofisi ya ubalozi wa Marekani jijini.

Halafu ukafuata wakati wa kungoja. Kwa mujibu wa Mama Sarah, matokeo yalichukua miezi kadhaa kufika, na katika muda huo Barack alikuwa na wasiwasi kiasi cha kushindwa kula. Alikonda hata watu wa nyumbani wakahofu kwamba angekufa. Wale waliomfahamu kama mtu wa majivuno, mwenye sauti nzito iliyojaza chumba, hawakuzoea kumwona hivyo. Siku barua ilipofika na kusema kwamba amefaulu, alipiga kelele za furaha, na mama yake wa kambo alizikumbuka kelele hizo hata uzeeni.

Kufaulu, hata hivyo, hakukuwa kukubaliwa. Mtu alihitaji chuo cha kumpokea, karo, nauli, na pesa za kumlisha mke aliyebaki. Serikali ya kikoloni haikuwa na haja ya kuwagharimia vijana waende Marekani. Iliziona shahada za huko kuwa duni kuliko za Uingereza na siasa za huko kuwa hatari. Basi akaanza kuwaandikia wakuu wa vyuo. Aliandika barua zaidi ya thelathini, moja baada ya nyingine, akijieleza, akitaja jina la Bi Roberts, akiuliza kama pangekuwepo nafasi na msaada. Kila barua ilidai stempu, na kila stempu ilitoka katika mshahara wa karani mwenye mtoto. Mwenye kutuma maombi leo kwa vyuo kumi huona amejitahidi sana.

Jibu lililozaa matunda lilitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia, yaani Chuo Kikuu cha Hawaii, katika visiwa vilivyo katikati ya bahari ya Pasifiki, ambavyo vilikuwa vinakaribia kufanywa jimbo la 50 la Marekani. Bi Mooney na wafadhili wa mradi wa Laubach wakasaidia nauli na gharama. Mwaka wa 1959 akaondoka Nairobi, akiwa na umri wa miaka ishirini na mitano hivi, akimwacha Kezia na mtoto mmoja mkononi na mwingine tumboni.

Hapa inafaa kusahihisha jambo linalorudiwa mara kwa mara hata katika magazeti. Obama hakusafiri katika ndege maarufu ya wanafunzi iliyoandaliwa na Mboya. Ndege hiyo ilipaa Septemba 1959 ikiwa na wanafunzi 81, ikigharimiwa na michango ya maelfu ya Wamarekani waliohamasishwa na akina Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Yeye alikwenda peke yake kwa fedha za marafiki zake. Aidha, pesa za familia ya Kennedy, dola 100,000, zilitolewa mwaka wa 1960 kwa ajili ya msafara wa pili, wakati Obama alikuwa amekwisha kukaa Honolulu kwa mwaka mzima. Mwanawe mwenyewe alikosea jambo hili katika hotuba ya mwaka wa 2007 na ikabidi wasaidizi wake walirekebishe. Kweli ni kwamba alikuwa mtoto wa wimbi lile lile, alimfahamu Mboya vizuri, na shirika lililoendesha misafara hiyo lilimpa msaada kidogo baadaye. Mamia ya vijana walisafiri katika miaka hiyo, naye Dkt Kiano alikuwa miongoni mwa waliosaidia kuwachagua. Kwa kila aliyepanda ndege walikuwepo wengi waliobaki wakichungulia masanduku ya posta.

Huko Hawaii alikuwa mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika. Alichukua uchumi, akaimaliza shahada kwa miaka mitatu badala ya minne, akaingizwa katika jumuiya ya heshima ya Phi Beta Kappa. Alipendwa kwa mazungumzo yake. Alihutubia makanisa na vyama kuhusu uhuru wa Kenya. Mwaka wa 1960, katika darasa la Kirusi, alikutana na msichana wa miaka 17 aitwaye Stanley Ann Dunham. Walioana Februari 1961, na tarehe 4 Agosti mwaka huo mtoto wao akazaliwa, akapewa jina la baba. Kuhusu Kezia, Obama alimweleza Ann kwamba ndoa ile ilikuwa imekwisha. Haikuwa imekwisha kwa sheria wala kwa mila, na Kezia kule nyumbani alikuwa bado anangoja barua zake.

Mwaka wa 1962 ukaleta barua nyingine mbili, na safari hii ziligombana. Chuo cha New School kilichoko New York, kwa mujibu wa maelezo ya Ann, kilikuwa tayari kumlipia kila kitu, pamoja na kumwezesha kuishi na mkewe na mtoto. Harvard ilikubali kumpa karo tu. Alichagua Harvard. Mtu aweza kumlaumu, na wengi wamemlaumu, kwa kuiacha familia kwa ajili ya jina la chuo. Lakini nani kati ya wasomi wetu, aliyetoka katika nyumba ya mpishi na kufukuzana na cheti kwa miaka kumi, angeisukuma kando barua yenye muhuri wa Harvard? Aliondoka Honolulu mwezi wa Juni, na ndoa yake na Ann haikupona. Walitalikiana Machi 1964.

Kule Cambridge, Massachusetts, alijitosa katika masomo ya uzamifu ya uchumi, hasa matumizi ya hisabati katika kupima mwenendo wa uchumi, fani iliyokuwa mpya na yenye sifa. Alikusudia kuandika tasnifu kuhusu nafasi ya mazao makuu ya biashara katika maendeleo ya nchi, mada iliyokuwa na maana kubwa kwa Kenya ya kahawa na chai. Kufikia majira ya kuchipua ya 1964 alikuwa amemaliza kozi zote na kufaulu mitihani mikuu. Ilibaki tasnifu. Aliomba Idara ya Uhamiaji imwongezee muda wa kukaa, akasubiri.

Yaliyotendeka wakati anasubiri hatukuyajua mpaka mwaka wa 2011, faili lake la uhamiaji lilipotolewa kwa umma. Faili hilo laonyesha kwamba maofisa wa uhamiaji na wasimamizi wa wanafunzi wa kigeni wa chuo walikuwa wakijadiliana juu yake kwa miezi, wakihesabu wake zake na kuulizana kama mke wa Kenya aliachwa au la. Mwezi wa Mei chuo kilimwandikia kwamba masomo ya darasani ameyamaliza, kwamba hakuna tena fedha za kumtegemeza, na kwamba lililo bora ni arudi Kenya akaandikie tasnifu huko. Barua ilisema pesa. Mazungumzo yaliyo nyuma yake yalihusu wanawake. Ombi lake la kuongezewa muda likakataliwa, na katikati ya mwaka akalazimika kuondoka.

Simtetei kwa mambo ya nyumbani mwake. Alikuwa amewaeleza watu tofauti hadithi tofauti kuhusu ndoa zake, na waliomwamini ndio walioumia. Hata hivyo mtu aliyefaulu mitihani yote ya chuo hupaswa kuambiwa ukweli anapofungiwa mlango, ili apate kujitetea. Obama hakupewa nafasi hiyo. Alipanda ndege akiamini, au akijifanya kuamini, kwamba ataikamilisha tasnifu Nairobi na kuituma. Mwaka wa 1965 Harvard ilimpa shahada ya uzamili. Uzamifu haukuja kamwe.

Alikuta nchi yenye miezi michache ya uhuru na njaa kubwa ya wachumi. Kazi zilipatikana: kampuni ya mafuta ya Shell kwanza, kisha Benki Kuu ya Kenya, kisha Shirika la Maendeleo ya Utalii. Mwanamke Mmarekani, Ruth Baker, alimfuata kutoka Boston, wakaoana. Katika ofisi na baa za mji alijulikana kama Dkt Obama, naye hakuwasahihisha watu. Lilikuwa jambo dogo mwanzoni, la mtu anayetarajia kuipata shahada hiyo mwezi ujao au mwaka ujao. Kadiri miaka ilivyopita bila tasnifu, cheo kile kilikuwa deni.

Lakini kuna andiko moja, lililochapishwa Julai 1965 katika jarida la East Africa Journal hapa Nairobi, ambalo kwangu mimi ndilo tasnifu yake. Serikali ilikuwa imetoa Waraka Nambari 10 wa mwaka 1965 kuhusu Usoshalisti wa Kiafrika na upangaji wa uchumi, waraka uliobeba fikra za wizara ya Mboya. Obama, rafiki na mfuasi wa Mboya, akaandika kurasa chache akichambua matatizo ya usoshalisti huo na kuuhoji waraka karibu kifungu kwa kifungu. Aliuliza usoshalisti wa Kiafrika ni nini hasa, kwa kuwa waraka haukuueleza. Alitilia shaka mpango wa kugawa hati za ardhi kwa mtu mmoja mmoja, akihofia kwamba mashamba yangekusanyika mikononi mwa wachache, akapendekeza ukoo na vyama vya ushirika vitumike. Aliuliza ni kwa vipi nchi itajiita huru ilhali maduka na viwanda vya Nairobi vimo mikononi mwa wasio Waafrika. Alitetea kodi kubwa kwa wenye nacho, mradi wananchi wanufaike.

Mtu aweza kukubaliana naye au kumpinga. Mapendekezo yake mengine hayangetekelezeka. Swali lake kuhusu ardhi, hata hivyo, Kenya imeendelea kulijibu kwa machozi. Tena ilihitaji moyo kwa kijana asiye na kiti imara serikalini kuandika hivyo hadharani kwa jina lake. Mboya hakumtupa. Walioshika hatamu nyingine za serikali, kwa upande mwingine, walikuwa na kumbukumbu ndefu.

Jumamosi ya tarehe 5 Julai 1969, mchana, Obama alikutana na Mboya katika Barabara ya Serikali, ambayo leo ni Moi Avenue. Alimtania waziri kwamba gari lake limeegeshwa vibaya na huenda akaandikiwa faini, wakaagana. Dakika chache baadaye Mboya alipigwa risasi akitoka katika duka la dawa la Chhani. Obama alijitokeza mahakamani kutoa ushahidi katika kesi ya Njenga Njoroge, aliyehukumiwa kifo na kunyongwa mwaka huo huo. Ulikuwa ujasiri ambao watu wachache waliuthubutu katika hali ya hofu iliyokuwa imeutanda mji.

Baada ya Mboya kuondoka, hakuwa na wa kumkinga. Mwaka wa 1970 alifutwa kazi katika shirika la utalii. Kilichofuata ni miaka ya giza ambayo sioni haja ya kuirefusha: pombe, ajali za barabarani zilizomvunja miguu, ndoa na Ruth iliyovunjika, nyumba iliyokosa kodi. Wanawe waliokaa naye wameeleza kwamba hakuwa mtu mpole alipolewa. Mwishoni mwa mwaka wa 1971 alikwenda Honolulu, akakaa karibu mwezi mmoja na mwanawe wa miaka kumi, akamwachia mpira wa kikapu. Hawakuonana tena. Katikati ya miaka ya 1970 alirudi serikalini, katika Wizara ya Fedha, na hali yake ikaanza kutengemaa kidogo.

Usiku wa tarehe 24 Novemba 1982 gari lake liligonga mti katika Barabara ya Elgon, mtaa wa Upper Hill, naye akafa papo hapo. Inasadikiwa alikuwa na umri wa miaka 46 au zaidi kidogo. Mwili wake ulisafirishwa hadi Nyang'oma Kogelo, akazikwa nyumbani kwa baba yake.

Habari za kifo hicho zilimfikia mwanawe kwa simu huko New York. Alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Columbia, akisomea sayansi ya siasa, akamaliza mwaka uliofuata.

Barua za baba zimeendelea kujitokeza. Mwaka wa 2013 wahifadhi wa kituo cha Schomburg, maktaba iliyoko Harlem, walipata karibu barua ishirini na nne zilizokuwa zimelala kwenye maboksi ya kumbukumbu, za Obama akiomba msaada wa masomo, pamoja na matokeo yake ya masomo na mapendekezo ya walimu. Zinaanzia mwaka wa 1958, alipokuwa karani, mpaka 1964, Harvard ilipokuwa inamtoka.

Fungu jingine lilikuwa limekwisha kupatikana miaka 25 kabla ya hapo. Mwaka wa 1988 mwanawe alikuja Kenya kwa mara ya kwanza, akafika Kogelo, akaketi uani akimsikiliza Mama Sarah. Bibi huyo aliingia ndani akatoka na vitu viwili alivyokuwa amevitunza. Cha kwanza kilikuwa kijitabu cha usajili cha mtumishi wa nyumbani, cha Mzee Onyango, pamoja na maneno ya waajiri wake Wazungu, mengine ya sifa na mengine ya kumdharau. Cha pili kilikuwa rundo la barua, zaidi ya thelathini, ambazo Barack aliwaandikia wakuu wa vyuo vya Marekani. Mgeni alizisoma zote pale pale. Barua yake mwenyewe ya kukubaliwa katika kitivo cha sheria cha Harvard ilikuwa imekwisha kumfikia mwanzoni mwa mwaka huo, na masomo yalikuwa yaanze baada ya majuma machache.